Duara Lenye Nukta Mlangoni Kwangu

Akina mama wenzangu, hasa nyie ambao watoto wenu wameanza kwenda skauti siku za Jumamosi, nawaandikia haya ili mjue nilichokifanya, msije mkakifanya na nyie. Mimi si mwandishi. Shule niliishia ya msingi, na binti yangu anasema mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye majivu. Lakini haya nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Kazi yangu ni usafi katika zahanati. Napiga deki wodi mbili, chumba cha sindano na veranda, siku sita za wiki. Tambara la bluu halitoki kiunoni mwangu. Hata nikiwa njiani kurudi nyumbani, nikiona doa kwenye ukuta wa mtu mkono unaniwasha. Mjue hilo mapema, maana ndipo balaa lilipoanzia.

Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani tunamwona kama mgeni. Kwa hiyo malezi ni yangu peke yangu, na binti yetu wa mwisho ana miaka kumi na moja. Tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni. Aliporudi siku moja akiwa na skafu ya njano shingoni na kusema ameingia skauti, sikumkataza. Niliona afadhali huko kuliko kuzurura. Lakini moyo wangu haukutulia.

Kundi lile linaendeshwa na watu wawili tu. Mmoja ni Fundi wa kuchomelea, yule anayetengeneza mageti na madirisha, watoto wanamwita Kiongozi. Wa pili ni Mzee wa Posta, mstaafu, amepeleka barua miaka thelathini kwa baiskeli na mpaka leo baiskeli ni ile ile. Hawalipwi. Hapo ndipo nilipokwama. Mtu mzima, ana kazi zake, magoti yanamuuma, Jumamosi badala ya kupumzika anachukua watoto ishirini na tatu wa watu wengine anawafundisha kufunga mafundo ya kamba. Anapata nini? Swali hilo lilinikaa kichwani kama wimbo wa redio, nafagia nalo, nalala nalo.

Nikamuuliza jirani yangu Mama Pacha, ambaye mapacha wake wako kundi hilo hilo.

"Mwenzangu, hivi wale wanapata nini?"

"Wanapata kelele," akasema, anachambua mboga. "Mtu anichukulie wale wawili tangu asubuhi mpaka mchana, halafu nimuulize anapata nini? Akianza kujiuliza na yeye je?"

Kwake ni mzaha kila kitu. Nikamgeukia Chiriku.

"Leo mmefanya nini?"

"Tumejifunza fundo la kumvuta mtu bila kumbana kifua."

"Na wale wakubwa wakishamaliza kuwafundisha wanafanya nini?"

"Wanaenda kwao."

"Moja kwa moja?"

"Mama! Si uje uone mwenyewe? Kiongozi kila siku ananiuliza, mama yako mbona haji mkutanoni?"

Mikutano ya wazazi ilishaitishwa mara mbili. Mara zote nilisema nina kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa nitapewa karatasi nisome mbele za watu. Hilo nalo ninaliandika, maana najua siko peke yangu.

Basi nikaamua kwenda kivyangu. Nikalegeza mkono wa birika langu kwa nyundo, nikalipeleka karakana ya Fundi, eti limeharibika. Alipokuwa anawasha mashine yake, mimi macho yangu yakatua mezani. Palikuwa na daftari la majina ya watoto, na mbele ya kila jina duara dogo lenye nukta katikati. Tarehe, duara. Tarehe, duara. Chiriku alikuwa namba kumi na nne.

"Unatafuta jina la binti?" Fundi akaniuliza, kaniona.

"Hapana, naangalia nzi."

Akacheka. "Basi usimwache akaondoka."

Nikaondoka na birika langu bila kuuliza. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Kwa nini sikuuliza sijui.

Jumamosi iliyofuata nilitoka kazini saa tisa na nusu kama kawaida. Nafika nyumbani, nainama kuvua viatu, naona kitu cheupe chini kabisa ya fremu ya mlango. Duara la chaki, lina nukta katikati.

Zile hadithi zote nilizowahi kusikia kwenye benchi la zahanati zilinijia kwa pamoja, za nyumba kuwekewa alama, za wageni wanaojua mtoto yuko wapi na saa ngapi yuko peke yake. Nikachungulia ndani. Chiriku yupo, anaosha vyombo na kuimba. Nikatoa tambara kiunoni, nikafuta. Halafu nikapita mtaa mzima taratibu, najifanya hamnazo. Nyumba sita zilikuwa na alama ile, na zote zina mtoto wa skauti. Kwa Mama Pacha zilikuwa mbili. Huyo mwenye chaki anajua mpaka hesabu ya watoto! Nikafuta zote.

Mtasema, si ungemuuliza mwanao? Niliona nitamtia hofu, na ingebidi pia nieleze habari ya daftari na birika. Mama Pacha naye ningemwambia angenicheka. Kwa hiyo nikawa askari wa mtaa, peke yangu. Jumamosi ya pili nikafuta. Ya tatu nikafuta. Nilijiona mtu wa maana kwelikweli.

Jumamosi hiyo ya tatu, sijamaliza kusuuza tambara, nikasikia kengele ya baiskeli.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Chiriku yupo?"

"Yupo. Kwani vipi?"

"Vizuri tu." Mzee wa Posta akashuka, akaonyesha chini ya mlango kwa kidole. "Kuna alama huwa inachorwa hapa. Duara, nukta katikati. Mtaa huu naona zinafutika sana. Jumamosi ile nilihangaika kutafuta watoto wa mtaa mzima, kumbe wako kwao wanakula."

"Alama gani? Mimi sijui alama yoyote."

"Labda ni watoto watundu."

"Labda mvua," nikasema.

"Mvua?" Akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata la kufutia machozi. "Haya mama. Mvua. Ila nikueleze, alama ile maana yake ni..."

"Samahani mzee, nina kitu kinaungua jikoni."

Nikafunga mlango. Jikoni hapakuwa na kitu, hata moto haukuwashwa. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza mpaka baiskeli ikaondoka. Nilikuwa na hamu ya kujua maana ya ile alama kuliko kitu chochote, na mtu mwenye jibu nimemfungia nje. Kumbe ukishadanganya mara moja, kuuliza kunakuwa kugumu zaidi.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe.

Siku hiyo kundi lilikwenda matembezi marefu. Wangepita kwenye nyumba ya pampu ya maji, wakaingia kwenye shamba la mikaratusi, wakamalizia kwenye tanuri la matofali lililoachwa. Saa nane wangeagana barabarani kila mtu aende kwao.

Nimetoka kazini, nakata njia ya mkato kama siku zote. Pale njia panda, kwenye kalavati ambapo maji ya mvua hupita chini ya barabara, nikaona mawe yamepangwa chini. Mawe saba madogo, yametengeneza mshale. Unaelekea kushoto.

"Na hapa pia!" nikasema kwa sauti, peke yangu kama mwendawazimu. Nikautawanya kwa mguu, jiwe moja nikalipiga teke likaingia mtaroni.

Nyumbani nikainama mlangoni. Hakuna duara. Nikaangalia upande wa pili wa fremu, hakuna. Akina mama, nilifurahi. Nilisema leo nimewashinda, wamekata tamaa. Nikajipikia chai, nikakaa kwenye kigoda nimenyoosha miguu. Chiriku hakuwepo, lakini huwa anapitia kwa Mama Pacha, kwa hiyo sikujali. Nilikunywa vikombe viwili. Mpaka leo nikikumbuka vile vikombe viwili natamani kujipiga makofi.

Saa kumi na moja kasorobo mapacha wakapita mbele ya nyumba wanakimbiza tairi. Wako wawili tu.

"Nyie, Chiriku yuko wapi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Hajarudi?"

"Arudi kutoka wapi?"

"Alirudi kuchukua kikombe."

"Kikombe gani?"

"Chako mama. Cha bati, cha bluu. Alikisahau huko tulikopita, alisema anakwenda mara moja."

"Huko wapi?"

"Hatujui. Tulikunywa maji sehemu zote tatu." Yule mwingine akaongeza kwa sauti ndogo, "Alisema ukijua utamchuna ngozi."

Niliingia ndani nikatazama rafu. Kikombe hakipo. Kilikuwa cha marehemu mama yangu, na ni kweli nilishamwambia Chiriku akikitoa nje ya nyumba hii nitamchuna ngozi. Maneno hayo hayo. Kwa hiyo aliniogopa mimi, akarudi porini peke yake.

Sikumbuki nilivyofika karakana. Mama Pacha alikuwa nyuma yangu, kanga imemfunguka, anaita. Fundi na Mzee wa Posta walikuwa mezani na lile daftari wanajaza.

"Chiriku hajafika," nikasema.

Fundi akageuza daftari. "Mzee, namba kumi na nne umepita?"

"Nimepita." Mzee wa Posta akavua miwani. "Alama haikuwepo."

"Ukafanyaje?" nikamuuliza, na nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe.

"Sikufanya kitu, mama. Pale kwako alama haikai. Mtaa wenu wote haikai, nimeshazoea." Akaigeuza miwani mkononi. "Mtoto akifika nyumbani salama anachora duara, anaweka nukta. Maana yake nimefika kwetu. Saa kumi mimi napita mlango kwa mlango nahesabu. Pasipo na alama natafuta. Lakini pale sikutafuta. Kosa langu. Ningepiga hodi tu."

Kumbe ndiyo hiyo. Wiki zote zile, ndiyo hiyo tu. Wazazi wengi Jumamosi tuko kazini, watoto wanafika kwenye nyumba tupu, na huyu mzee na magoti yake anazunguka milango ishirini na kitu kuhakikisha kila mmoja amefika.

Fundi alishachukua kamba. "Mtoto akijitenga na kundi lazima aache mshale njia panda. Nimewafundisha, na Chiriku hasahau. Mzee, kwenye kalavati ulipita?"

"Saa kumi kamili. Hakuna mshale."

"Basi hakwenda tanuri, maana njia yake ni ile ya kalavati. Mmoja wetu aende pampu, mwingine mikaratusi. Saa moja hivi tutakuwa tumemaliza kote."

Saa moja ni giza. Wakaanza kutoka. Mimi nimesimama, ulimi mzito kama tambara lililolowa maji. Nikinyamaza, lawama ni ya Mzee, amekwisha kuibeba mwenyewe kwa mdomo wake. Nikinyamaza, wanakwenda njia isiyo yenyewe.

"Mshale ulikuwepo," nikasema.

Wakageuka wote.

"Mawe saba. Nimeutawanya mimi."

Mama Pacha ndiye aliyeuliza, taratibu kabisa. "Na alama za milangoni?"

"Mimi."

"Hata za kwangu?"

"Hata za kwako."

"Wewe mwanamke!" Akafunga kanga yake vizuri kama mtu anayejiandaa kupigana. "Tutagombana kesho. Mshale ulielekea wapi?"

"Kushoto. Tanuri."

Tulikimbia. Mzee wa Posta alitupita na baiskeli yake inalia kila mahali, tena kwenye mawe. Tulipofika kwenye tanuri hapakuwa na mtu, ni kuta nyeusi na magugu. Fundi akapuliza filimbi mara tatu. Akapuliza tena. Kwa mbali, kama ndege mgonjwa, ikajibu filimbi nyingine, ile anayovaa kila skauti.

Nyuma ya tanuri kuna shimo walilokuwa wakichimba udongo. Chiriku alikuwa chini, tope limemfika mapajani, mguu mmoja umenasa. Kikombe changu amekifunga shingoni kwa skafu kisije kikazama. Aliponiona hakulia. Alikasirika.

"Mbona mmechelewa hivyo? Nimeweka mshale mzuri kabisa!"

Fundi akateremsha kamba. Chiriku akajifunga mwenyewe lile fundo lisilobana kifua, vidole vyake vinajua njia. Tukamvuta. Tope lilimwachia kwa sauti kama ya mtu anayenyonya supu. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, mengine yote mazima. Nikamfuta uso na tambara la bluu, kisha nikaona ni lile lile, nikalitupa shimoni.

"Lakini hamkuuona mshale?" akauliza tena. "Mzee, hukuuona?"

Mzee wa Posta akawa anasafisha miwani iliyo safi. Fundi akawa anakunja kamba. Waliniachia mimi.

"Mimi niliuona," nikasema.

"Sasa?"

"Niliutawanya. Na alama zako zote nilikuwa nafuta. Sikujua ni za nini."

Alinitazama, tope kwenye nyusi. "Si ungeuliza?"

Mtoto wa miaka kumi na moja.

Chiriku alininyamazia siku mbili na nusu. Nyumba yangu haijawahi kuwa kimya hivyo, nilitamani hata anigombeze. Mama Pacha naye aligombana nami kama alivyoahidi, kisha akaniletea dawa ya kukanda mguu wa mtoto. Mkutano wa wazazi ulipoitishwa nilikwenda. Hawakunipa karatasi yoyote nisome. Nilisimama nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Mzee wa Posta naye akasema kosa lake, kwamba mlango usio na alama haukisiwi, unapigwa hodi, hata kama jana na juzi ulikuwa hivyo hivyo. Sasa ndiyo sheria yao.

Baada ya mkutano nikamfuata kwenye baiskeli yake, nikamuuliza swali langu la zamani.

"Mzee, nyie mnapata nini?"

Akafikiri. "Miaka thelathini nilitumbukiza barua za watu milangoni nikaondoka, mbwa wananifukuza. Hata moja haikuwa yangu. Sasa nafika mlangoni, nainama, nakuta nimeandikiwa mimi."

Nilimwomba Jumamosi aniachie mtaa wetu, nizihesabu alama mimi nikitoka kazini. Akaniangalia juu ya miwani. "Na mvua ikinyesha?" Nikacheka mpaka nikaona aibu.

Kwa hiyo sasa nazunguka nyumba zile sita, nainama, nahesabu. Bado nina wasiwasi wangu, sitawadanganya. Nikikuta duara napiga hodi hivyo hivyo, watoto wa watu wamenichoka. Na nyie mkiona kitu cha watoto wenu msichokielewa, ulizeni siku hiyo hiyo, hata kama mtachekwa.

Jumamosi iliyopita nilipomaliza mtaa nikafika kwangu, nikakuta duara lipo lakini nukta haipo. Nikaingia mbio. Chiriku alikuwa mezani anakunywa maji kwa kikombe cha bluu.

"Mbona hujaweka nukta?"

"Nimekuachia wewe," akasema. "Chaki iko hapo chini ya mlango. Na wewe si ndiyo umefika?"

Nikarudi nje nikainama nikaiweka. Mkono wangu umezoea kufuta, haujazoea chaki. Nukta ilitoka kubwa mno, karibu ijaze duara lote.